Gáren na Skuta Iliyokosa Pumzi

Skuta ya theluji, ile pikipiki isiyo na magurudumu, ilishushwa kutoka kwenye lori siku ya Jumanne, wiki mbili kabla ya Pasaka, ikiwa imeviringishwa nailoni mwili mzima. Gáren alikuwa amesimama uani tangu asubuhi, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, akijifanya anaondoa theluji mlangoni. Theluji ya mlangoni ilikwisha kitambo. Sasa alikuwa akiihamisha tu, akiitoa upande huu na kuipeleka ule.

"Ndiyo hii, mama," dereva alisema. "Weka sahihi hapa."

Alisaini bila kusoma. Macho yake yalikuwa kwenye skuta.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumiliki skuta ya theluji ambayo haijakaliwa na makalio ya mtu mwingine. Maisha yake yote ya kuchunga kulungu, wale wa kufugwa wa kaskazini, aliyapitisha juu ya skuta zilizochoka. Ya kwanza ilikuwa ya baba yake, ikiwashwa kwa kamba na matusi. Ya pili aliikuta kwa mumewe, Mihkkal. Ya tatu ilikuwa maiti mbili ambazo yeye na Mihkkal walizifufua zikawa skuta moja, injini ikiwa juu ya meza ya kulia chakula msimu mzima wa vuli, na wageni wakinywa kahawa yao wamesimama. Gáren alijua kusafisha plagi kwa ncha ya kisu. Alijua kuisikiliza injini akatambua inaumwa wapi, kama mama anavyotambua kilio cha mwanawe.

Mihkkal alipofariki, miaka sita nyuma, watu walidhani mjane atauza wanyama na kubaki na kazi yake ya kupika shuleni. Hakuuza. Aliendelea kuchunga pamoja na shemeji yake Heaika, kaka mkubwa wa marehemu, na kila mwaka, Aprili ikielekea ukingoni, alihama pamoja na kundi kuelekea pwani, kulungu majike wanakokwenda kuzaa. Lakini mwaka uliopita ile skuta ya maiti mbili ilimfia njiani mara tatu, na mara tatu kundi zima lilisimama kumsubiri. Heaika hakusema neno. Heaika ni mtu ambaye akinyamaza, unamsikia.

Ndiyo maana Gáren alinunua mpya.

Alibonyeza kitufe, ikawaka. Hapakuwa na kamba wala matusi. Injini ilinguruma kwa sauti nene iliyotulia, na Gáren akajikuta anacheka peke yake uani kama mtu aliyetekenywa. Akaiteremsha hadi kwenye ziwa lililoganda, akabonyeza mafuta kwa kidole gumba, na uwanda mweupe ukaanza kukimbia chini yake. Upepo ulimtoa machozi. Alikwenda hadi ng'ambo ya ziwa pasipo sababu yoyote, akageuza, akarudi, na alipofika nyumbani akaona hana haja ya kushuka, akaenda tena. Siku hiyo watoto wa shule walikula supu iliyochelewa.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hiki hakikuwa kidonda. Furaha si dhambi. Ila furaha ina tabia ya kumtia mtu pamba masikioni, na Gáren pamba hizo zilianza kumwingia wiki ileile.

Siku ya Pasaka kijiji kizima kilikuwa mbele ya kanisa, watu wamevaa mavazi yao ya buluu na nyekundu, na skuta zimepangwa kama farasi. Kwa desturi ya pale, skuta mpya haitazamwi ikiwa imefungwa. Wanaume waliinua boneti, wakasimama kuizunguka, mikono nyuma, kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga.

"Haina hata harufu," alisema mzee Juffá, ambaye hakuna jambo kijijini lililompita bila kulitolea maneno. "Skuta isiyonuka petroli ni friji."

"Friji yangu itakupita, mzee, ukiwa bado unatafuta funguo zako."

"Mimi sina funguo. Yangu naiwasha kwa bisibisi."

Watu wakacheka. Heaika aliinama, akatazama ndani ya boneti kwa muda mrefu, kisha akajinyoosha.

"Ni nzuri," alisema. Kwa Heaika hiyo ni hotuba. Halafu akaongeza: "Kitabu chake umekisoma, shemeji?"

"Nimekisoma."

"Hadi mwisho?"

"Hadi kwenye kurasa za Kifini, kule mwishoni kabisa."

Huo ulikuwa uongo. Alikuwa ametazama picha, akasoma ukurasa wa rangi na ukurasa wa taa, basi. Mtu aliyefufua maiti mbili juu ya meza ya chakula angefundishwa nini na kitabu? Lakini aliusema uongo huo mbele ya kanisa, siku ya Pasaka, na hakuna aliyemlazimisha.

Kila jioni aliifunika skuta yake. Turubai lililokuja nayo aliliona la kijivu na la kinyonge, akalitupa bandani. Badala yake alitoa ngozi nyeupe kabisa, ya kulungu dume aliyevunjika mguu mwezi wa Machi mwaka uliotangulia wakalazimika kumchinja. Kulungu mweupe ni fahari ya mchungaji, na ngozi yake huwa haipewi mtu ovyo. Gáren aliitandaza juu ya boneti, upande wa manyoya ukiwa chini, ili injini isiamke na baridi. Asubuhi aliikunja kwa heshima, weupe ukiwa nje. Majirani waliona, na yeye alipenda waone.

Baada ya Pasaka, siku ya Alhamisi, yeye na Heaika walipanda kilimani kuangalia kundi. Gáren alikuwa mbele. Alikuwa mbele kwa makusudi. Katikati ya mteremko skuta ikakohoa mara moja, kama mtu aliyepaliwa na chai. Akabonyeza mafuta. Ikakohoa tena, taa nyekundu ikawaka, na nguvu zote zikaisha. Injini ikabaki kuguna, skuta ikitambaa kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Akazima, akawasha. Ikaenda hatua hamsini, ikarudia kuguna.

Heaika alimfikia, akasimamisha yake.

"Mafuta yamo?"

"Yamo."

"Ililala nje?"

"Shemeji, skuta hulala wapi? Chumbani?"

Heaika alishuka. Alitoa kamba. Wakashuka hadi kijijini, ya zamani ikiikokota mpya, na njia yenyewe haina pa kupitia ila mbele ya duka. Mzee Juffá alikuwa kwenye benchi lake na kikombe cha kahawa. Alikiinua taratibu kama anayemtakia mtu heri.

"Friji imekata umeme?" aliuliza.

Gáren alitazama mbele. Masikio yalimwaka moto chini ya kofia.

Alipofika nyumbani alimpigia simu Torfinn, muuzaji wa skuta wa mjini, mwendo wa saa tatu kwa gari.

"Umeniuzia kitu kibovu," alisema, hata salamu hakutoa.

Torfinn alimwuliza dalili, na alipozisikia akasema, "Inaonekana inakosa hewa. Hebu nikuulize, zile nyavu za kuvutia hewa hazijazibwa na theluji?"

"Unamwuliza nani habari za theluji?"

"Nauliza tu, mama. Huwa inatokea."

"Nimezaliwa kwenye theluji, wewe. Mama yangu alikuwa anahama na kundi uchungu ulipomshika. Usinifundishe theluji."

"Basi. Nitamtuma fundi Jumanne. Usifungue injini, kuna stika ya waranti."

Mtu akiulizwa swali jepesi akajibu kwa hasira, aghalabu swali hilo ndilo lenye jibu. Gáren hakulifikiria hilo. Alikwenda dukani kununua maziwa, na pale kwenye foleni, mbele ya watu saba au wanane, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba Torfinn ni mwizi, kwamba anawauzia watu wa uwandani takataka za kiwandani kwa sababu anajua wako mbali, na kwamba mwenye akili asinunue kwake hata msumari. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja. Alitoka dukani akijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Hakujua amemtwisha nani.

Ijumaa kulungu majike walianza kugeuza vichwa upande wa bahari. Hawangoji mtu, wala hawasomi kalenda. Jumamosi asubuhi Heaika alikuja, akakaa jikoni, akakata vipande vya jibini ndani ya kahawa yake, akakoroga.

"Wameanza kwenda," alisema. "Kesho alfajiri tunaondoka nao."

"Fundi anakuja Jumanne."

"Najua."

"Jumanne mtakuwa wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Na barafu ya mto haitangoja Jumanne." Akanywa kidogo. "Nimefikiri hivi. Wanyama wako nitawachukua pamoja na wangu. Wewe kaa kwenye tela, juu ya mizigo, ukipenda. Au baki, upumzike. Hakuna atakayekulaumu."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Gáren aliwafahamu wajane wa namna hiyo, alikua akiwaona. Mwaka wa kwanza hupandishwa kwenye tela. Mwaka wa pili huambiwa wabaki wachemshe kahawa. Mwaka wa tatu alama yao ya umiliki bado imo masikioni mwa kulungu, lakini hakuna anayewauliza njia ipi ishikwe, na kundi likijadiliwa wao wanaosha vikombe.

"Nisubiri hadi jioni, shemeji," alisema. "Nitakwambia."

"Jioni," Heaika alisema, akavaa kofia yake.

Gáren alisimama bandani mbele ya skuta. Ilikuwa inang'aa bado, mpya kabisa, na imekufa. Stika ya waranti ilikuwa pale ubavuni, nyekundu, na maandishi yenye amri. Kwa siku mbili alikuwa ameizunguka stika hiyo kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. Akajiuliza, hivi lini ameanza kuogopa injini? Ile ya maiti mbili asingeiacha hata saa moja bila kuifungua. Hii, kwa sababu inang'aa, aliiachia wengine wamwambie inaumwa nini.

Akaingia ndani, akachukua kitabu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakisoma. Safari hii hakutazama picha. Ukurasa wa kumi na tisa uliandikwa kwa herufi nzito: kabla ya kila safari, kagua nyavu za hewa chini ya boneti na sponji iliyo nyuma yake. Havihitaji spana. Vinabanduliwa kwa mkono.

Ile stika aliyoiogopa haikuwa hata karibu na hapo.

Aliinua boneti, akabandua wavu wa kwanza. Ulitoka na kitu cheupe, kimeshikamana kama blanketi dogo. Akadhani ni theluji. Akakigusa. Hakikuyeyuka. Akakileta karibu na dirisha, na hapo akaelewa, akakaa tena juu ya ndoo.

Manyoya. Wavu wa pili ulikuwa na manyoya, sponji ilijaa manyoya, yamesokotana na mvuke na petroli hata unaweza kudhani ndege amejenga kiota. Kila mtoto wa uwanda ule anajua kwamba ngozi ya kutandika huchukuliwa vuli, manyoya yakiwa bado yameshika. Ngozi ya mwisho wa baridi hunyonyoka. Ukiilalia unaamka na manyoya mdomoni. Gáren asingempa mgeni ngozi ya Machi akalalie. Lakini skuta yake aliifunika nayo usiku baada ya usiku, manyoya yakiangalia chini moja kwa moja juu ya matundu ya boneti, pua ya injini, kwa sababu ilikuwa nyeupe na majirani walikuwa wakitazama.

"Gáren," alijiambia kwa sauti, "wewe ni mjinga aliyekomaa."

Halafu akacheka, na mikono ikaanza kazi. Alinyonyoa, akapuliza, akaosha sponji kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, akaikausha juu ya jiko huku akiigeuza kama chapati. Alitoa unyoya mmoja mmoja kwa kibano cha nyusi. Saa sita ilipofika alirudisha kila kitu mahali pake, akavuta pumzi, akabonyeza kitufe.

Ikawaka. Ile sauti nene, iliyotulia. Akaitoa bandani, akaielekeza kwenye mteremko nyuma ya nyumba, ambao ni mkali kuliko ule wa Alhamisi, na akabonyeza mafuta hadi mwisho. Skuta ilipanda kama iliyoitwa. Juu kileleni alisimama, taa zote zikiwa kijani. Kutoka pale aliona paa la duka na moshi wake.

Angeweza kukaa kimya. Heaika asingeuliza, angefurahi tu kwamba skuta inakwenda. Watu wangedhani ubovu umejiponya, na Torfinn angebaki mwizi katika vinywa vya watu saba au wanane, ambao kila mmoja ana shemeji na mjomba. Wapo wengi wanaoishi hivyo, na hulala usingizi mzuri. Gáren alilitazama paa lile kwa muda. Kisha akageuza skuta, akashuka nayo hadi mlangoni pa duka.

Foleni ya Jumamosi ilikuwa ndefu. Hakuvua kofia.

"Nina neno," alisema. "Alhamisi, hapahapa, nilisema Torfinn ni mwizi. Si kweli. Skuta ilikuwa nzima. Nimeifunika ngozi ya Machi, na manyoya yameziba hewa. Yeye aliniuliza kama nyavu zimezibwa, nikamtukana. Kosa ni langu."

Mtu fulani karibu na friza la samaki alikohoa. Mzee Juffá alikuwa ameegemea kaunta.

"Ngozi ya Machi?" aliuliza polepole, kama hakimu.

"Ya Machi."

"Manyoya chini?"

"Chini."

Juffá alifumba macho, akatikisa kichwa. "Mihkkal angecheka hadi angeanguka kwenye tela."

"Angecheka," Gáren alisema. "Na angeniambia nimpigie mtu wa watu simu."

Akaitoa simu mbele yao, akaweka sauti kubwa.

"Torfinn, ni Gáren. Nilikuita mwizi dukani."

"Nimesikia," sauti ilisema, imechoka. "Watu watatu wamenipigia. Na wawili wa kijiji chenu wamevunja oda."

Hapo aibu ilimshuka vizuri, kutoka kichwani hadi kwenye soli. Maneno yake yalikuwa yamefika mjini kabla ya fundi kufika kwake. Akamweleza habari yote, ngozi, mwezi wa Machi, kitabu alichodai kukisoma. Torfinn akaanza kucheka, akacheka kwa muda mrefu hata mwenye duka naye akaambukizwa.

"Miaka ishirini nauza skuta," Torfinn alisema akihema. "Nimetoa panya. Nimetoa soksi. Manyoya ya kulungu, hii ya kwanza."

"Hao wawili nitawafuata mwenyewe leo. Mmoja yuko hapa ananitazama."

Mtu wa kwenye friza la samaki akajifanya anasoma bei ya samaki.

"Usijifiche, binamu," Gáren alimwambia. "Mrudishie mtu oda yake. Skuta ni nzuri. Mpandaji ndiye aliyekuwa na kasoro."

Jioni alikwenda kwa Heaika. Alimkuta akifunga kamba za tela, na ilionekana habari zilikuwa zimeshafika.

"Inapumua?" Heaika aliuliza.

"Inapumua."

"Basi leta mizigo yako tuigawe."

Waliondoka alfajiri pamoja na wachungaji wenzao, theluji ikiwa ngumu kama sakafu. Kulungu walikuwa wametawanyika mteremko mzima, wakipumua moshi, na kengele ya jike kiongozi ikilia shingoni kila anapoinua kichwa. Ziwa walilivuka upesi. Lakini kwenye bonde la ng'ambo upepo ulikuwa umejaza theluji laini, hadi kiunoni, na skuta ya Heaika, yenye tela mbili, ilizama nusu. Akarudi nyuma, akajaribu pembeni, ikazama tena. Kundi likaanza kusita. Kulungu wakisita kwa muda mrefu hugeuka, na wakigeuka siku yote imepotea.

Redio ya mkononi ikakwaruza kifuani pa Gáren.

"Shemeji." Ilikuwa sauti ya Heaika. "Fungua tela yako, tutaivuta sisi. Mchukue kiongozi. Yako ina nguvu. Tangulia utupasulie njia."

Katika miaka sita hakuna aliyemwambia Gáren neno hilo, tangulia. Alifungua tela, akafunga kamba ya jike kiongozi nyuma ya skuta yake, akasimama juu ya vikanyagio kama alivyozoea kusimama Mihkkal, na akaingia bondeni. Theluji ilipasuka pande zote mbili, ikamrukia usoni, ikajaa shingoni. Skuta ilizama, ikanguruma, ikapanda, na haikukohoa. Nyuma yake alisikia kengele, na nyuma ya kengele mlio wa kwato nyingi zikishika mstari, kavu, kama mvua ikianza juu ya turubai. Kidole gumba kilimwasha. Akabonyeza zaidi kidogo, halafu zaidi kidogo tena.

Redio ikakwaruza.

"Gáren, punguza mwendo," Heaika alisema. "Nimekwambia utangulie, sikukwambia utukimbie."

Akalegeza kidole, akicheka, theluji ikimwingia mdomoni, na akawaongoza kupanda ukingo wa pili.